Winga, Bondia na Karani: Somo la Amsterdam kwa Mtumishi wa Umma

Wengi wetu tunaifahamu Ajax ya Amsterdam kupitia Johan Cruyff, makombe matatu mfululizo ya klabu bingwa Ulaya kati ya mwaka 1971 na 1973, na shule yake ya kulea vipaji. Katika makala hii nataka turudi nyuma zaidi, hadi miaka ya 1920 na 1930, tuyatazame maisha ya wanamichezo wawili wa jiji hilo. Mmoja, Eddy Hamel, alikuwa mwanasoka wa Ajax na baadaye kocha. Mwingine, Ben Bril, alikuwa bondia aliyeiwakilisha nchi yake katika Michezo ya Olimpiki akiwa bado kijana mdogo. Wote wawili walikuwa Wayahudi. Mmoja aliuawa Auschwitz; mwingine alinusurika.

Sielezi maisha yao kwa sababu ya mabao na ngumi peke yake. Naeleza kwa sababu kati yao na mauti yao alisimama mtu wa tatu ambaye historia ya michezo haimtaji: karani wa serikali. Huyu hakupiga mtu, hakushika bunduki, na huenda hakuwa na chuki binafsi na Myahudi yeyote. Alijaza fomu, akapanga kadi kwa alfabeti, akagonga mhuri. Hoja yangu ni kwamba nguvu za misuli na umaarufu havikuwa na kinga yoyote mbele ya karatasi iliyojazwa vizuri, na kwamba kinga ya kweli, pale ilipopatikana, ilitoka kwa watu waliokuwa na nafasi ya kukataa na wakaitumia.

Winga wa kulia

Edward Hamel, aliyefahamika zaidi kwa jina la Eddy, alizaliwa New York tarehe 21 Oktoba 1902. Wazazi wake walikuwa Wayahudi wa Uholanzi waliohamia Marekani, na baadaye familia hiyo ikarejea Amsterdam. Kwa kuzaliwa kwake alikuwa raia wa Marekani. Kwa malezi, lugha na mapenzi alikuwa mtu wa Amsterdam.

Alijiunga na Ajax mwaka 1922 na kuichezea kikosi cha kwanza hadi mwaka 1930, akiwa winga wa kulia. Alicheza mechi 125 za ligi na kufunga mabao 8. Anatajwa kuwa Myahudi wa kwanza kucheza katika kikosi cha kwanza cha klabu hiyo. Idadi ya mabao yake si kubwa, lakini winga wa zama hizo hakupimwa kwa mabao. Kazi yake ilikuwa kukimbia pembeni, kumpita beki na kumlisha mshambuliaji wa kati. Inasimuliwa kwamba kulikuwa na mashabiki waliokaa upande wake wa uwanja katika kipindi cha kwanza, kisha wakahama upande wa pili baada ya mapumziko, ili mradi tu wawe karibu naye. Shabiki wa Kariakoo au wa Kisumu ataelewa mapenzi ya namna hiyo bila kuelezwa.

Tukumbuke kwamba soka la Uholanzi lilikuwa la ridhaa hadi mwaka 1954. Mchezaji wa Ajax hakuwa milionea aliyefungiwa nyuma ya geti. Alikuwa jirani aliyefanya kazi wiki nzima na kucheza Jumapili. Klabu yenyewe ilikuwa mashariki mwa jiji, si mbali na mitaa ya Wayahudi, na Wayahudi wengi walikuwa wanachama na watazamaji wake. Kocha aliyeijenga Ajax ya wakati huo alikuwa Mwingereza Jack Reynolds, ambaye naye Wajerumani walimweka kizuizini wakati wa vita kwa sababu ya uraia wake.

Hamel alimwoa Johanna Wijnberg mwaka 1928. Alipostaafu kucheza akawa kocha wa Alcmaria Victrix, klabu ya mji wa Alkmaar, kwa miaka mitatu, na aliendelea kucheza na wakongwe wa Ajax. Mwaka 1938 yeye na mkewe walipata watoto mapacha wa kiume, Paul na Robert. Haya ni maisha ya kawaida ya mtu wa michezo aliyeanza kuingia utu uzima: mke, watoto, timu ya kufundisha, marafiki wa zamani wa kuchezea mpira siku za mapumziko.

Kijana wa ulingoni

Barend Bril, au Ben, alizaliwa Amsterdam tarehe 16 Julai 1912, katika familia maskini ya Kiyahudi. Ngumi zilikuwa mchezo wa vijana wa hali ya chini, kwa kuwa hazikuhitaji uwanja mkubwa wala ada kubwa. Mwaka 1928 Amsterdam ilipoandaa Michezo ya Olimpiki, Bril alikuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 16. Alipanda ulingoni katika uzito mwepesi kabisa na kufika robo fainali.

Timu ya ngumi ya Uholanzi ya mwaka huo ina mengi ya kutufundisha. Bep van Klaveren wa Rotterdam alitwaa medali ya dhahabu, na hadi leo ndiye Mholanzi pekee aliyewahi kuwa bingwa wa Olimpiki katika ngumi. Katika uzito wa juu alikuwamo Sam Olij wa Amsterdam. Kijana Bril na mtu mzima Olij walivaa rangi za taifa moja chini ya bendera moja. Naomba msomaji alikumbuke jina hilo la Olij.

Bril aliendelea kukua kimchezo, akawa bingwa wa Uholanzi mara nane. Mwaka 1935 alishinda dhahabu katika Michezo ya Maccabi iliyofanyika Tel Aviv. Mwaka uliofuata Olimpiki ilikuwa Berlin, chini ya utawala wa Hitler, na Bril alikataa kwenda. Kwa bondia wa miaka 24, aliye katika kilele cha nguvu zake, kukataa Olimpiki ni kutupa nafasi isiyorudi. Aliitupa. Huo ulikuwa uamuzi wa mtu mmoja asiye na cheo, na aliufanya wakati mataifa yenye majeshi na mabalozi yalikubali mwaliko.

Nchi yenye mafaili safi

Ujerumani iliivamia Uholanzi tarehe 10 Mei 1940. Siku tatu baadaye Malkia Wilhelmina na mawaziri walikuwa London, na jeshi lilisalimu amri ndani ya siku tano tangu uvamizi. Serikali iliondoka, lakini utumishi wa umma ulibaki. Makatibu wakuu wa wizara waliendelea kukalia viti vyao, sasa chini ya Arthur Seyss-Inquart, mtawala aliyeteuliwa na Hitler.

Hawakubaki kwa uasi. Mwaka 1937 serikali ya Uholanzi ilikuwa imetoa maelekezo kwa watumishi wake kuhusu mwenendo wao iwapo nchi ingekaliwa na adui. Kiini chake kilikuwa hiki: baki kazini maadamu kubaki kwako kunawasaidia wananchi kuliko kunavyomsaidia adui. Ni maelekezo yenye busara kwenye karatasi. Tatizo ni kwamba yalimwachia kila mtumishi apime mwenyewe mizani hiyo, akiwa peke yake ofisini, na barua ya mkubwa wake ikiwa mezani.

Barua ya kwanza iliyotikisa mizani ilikuja Oktoba 1940. Watumishi wote wa umma, wakiwamo walimu na wahadhiri, walitakiwa kujaza tamko la asili yao. Kulikuwa na fomu mbili: moja ya asiye Myahudi, nyingine ya Myahudi. Haikumtaka mtu amdhuru yeyote. Iliuliza tu kuhusu babu na bibi. Karibu wote walijaza. Mwezi uliofuata wale waliojaza fomu ya pili walisimamishwa kazi, akiwamo Lodewijk Visser, Rais wa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo. Majaji wenzake hawakujiuzulu.

Wapo waliosema. Tarehe 26 Novemba 1940 Profesa Rudolph Cleveringa, mkuu wa kitivo cha sheria katika Chuo Kikuu cha Leiden, alisimama mbele ya wanafunzi katika saa ya kipindi cha mwalimu wake wa zamani, Eduard Meijers, Myahudi aliyeondolewa kazini. Hakutukana wala hakuhimiza ghasia. Alieleza kwa utulivu kazi kubwa ya kisomi ya Meijers, kisha akasema wazi kwamba kuondolewa kwake ni uvunjaji wa sheria. Kesho yake alikamatwa, akawekwa gerezani kwa miezi kadhaa. Wanafunzi wa Leiden na wa Delft waligoma. Chuo cha Leiden kikafungwa. Kwa wanafunzi wanaonisoma: nawaomba muishike siku hiyo kuliko mnavyoshika tarehe za mapigano ya vita.

Januari 1941 ikaja amri ya Wayahudi wote kujiandikisha. Takriban watu 140,000 waliandikwa kama Wayahudi kamili, na wapo wengine waliohesabiwa kuwa na asili mchanganyiko. Amsterdam peke yake ilikuwa na Wayahudi wapatao 80,000, yaani karibu mtu mmoja katika kila kumi. Watu walijiandikisha kwa sababu walikuwa raia wema wa nchi iliyozoea kuheshimu daftari la wakazi. Mei 1941 maofisa wa manispaa ya Amsterdam walichora ramani ya jiji, na kila nukta moja juu yake ilisimama badala ya Wayahudi kumi. Ramani ile ilichorwa kwa umakini mkubwa. Aliyetaka kujua mitaa ya kuzingira hakuhitaji kuuliza njia.

Hapa ndipo anapoingia Jacob Lentz, mkuu wa ukaguzi wa madaftari ya wakazi nchini. Lentz alikuwa mtaalamu halisi wa fani yake. Kabla ya vita alikuwa na ndoto ya kitambulisho cha taifa, na serikali ya Uholanzi ililikataa wazo hilo mwanzoni mwa mwaka 1940 kwa kuwa liliwafanya raia wema wafanane na wahalifu. Wavamizi walimpa fursa aliyoikosa. Akabuni kitambulisho chenye picha, alama ya kidole na karatasi maalumu, kigumu mno kughushi, kilichoanza kutolewa mwaka 1941. Vya Wayahudi vilipigwa mhuri wa herufi J. Nakala ya taarifa ikabaki kwenye daftari, hivyo hata aliyepata kitambulisho bandia angeweza kugundulika kwa kulinganisha kadi.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Tumezoea kuitumia methali hiyo kwa mema. Septemba 1941 Wayahudi walizuiwa kuingia bustani, maktaba, sinema, na viwanja vya michezo. Mtu aliyeshangiliwa pembeni mwa uwanja wa Ajax kwa miaka minane sasa hakuruhusiwa hata kununua tiketi. Mei 1942 ikawa lazima kuvaa nyota ya njano. Julai 1942 treni za kwenda mashariki zikaanza. Tramu za manispaa ya Amsterdam ziliwabeba watu usiku hadi vituo vya reli, na ofisi ya tramu ikaandika ankara ya malipo kama kwa abiria wa kukodi. Kambi ya Westerbork, ambako waliokamatwa walikusanywa, ilikuwa imejengwa na serikali ya Uholanzi yenyewe mwaka 1939 kwa ajili ya wakimbizi wa Kiyahudi kutoka Ujerumani. Kila hatua ilikaa juu ya iliyotangulia, na kila mhusika aliweza kusema kwamba yake ilikuwa ndogo.

Ngumi za Februari

Itakuwa dhuluma kusimulia haya kana kwamba Wayahudi walikaa tu wakisubiri. Mwanzoni mwa mwaka 1941 mgambo wa chama cha Wanazi wa Uholanzi, NSB, walianza kuvamia mitaa ya Wayahudi ya Amsterdam, wakipiga watu na kuvunja madirisha. Vijana walijipanga katika vikosi vya kujilinda, na wengi wao walitoka katika klabu za ngumi. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Joël Cosman, mwalimu wa ngumi. Mafundi wa jiji na wafanyakazi wasio Wayahudi waliungana nao. Tarehe 11 Februari, katika eneo la Waterlooplein, vikosi hivyo viliwakabili mgambo na kuwashinda. Mgambo mmoja, Hendrik Koot, alijeruhiwa na kufariki siku chache baadaye.

Wajerumani walijibu tarehe 22 na 23 Februari kwa kuwakamata zaidi ya vijana 400 wa Kiyahudi barabarani, mchana kweupe. Karibu wote walikufia katika kambi ya Mauthausen. Ngumi ziliweza kumshinda mgambo wa mtaani. Hazikuweza kuishinda dola.

Lakini jambo lililofuata ndilo linalowahusu zaidi wasomaji wangu walio katika utumishi wa umma na harakati. Tarehe 25 Februari 1941 Amsterdam iligoma. Mgomo uliandaliwa na chama cha Kikomunisti kilichokuwa kimepigwa marufuku, na waliouanzisha, Willem Kraan na Piet Nak, walikuwa watumishi wa manispaa: mmoja fundi wa barabara, mwingine mfagiaji. Madereva wa tramu walipogoma, jiji zima lilijua. Bandari, viwanda na ofisi vikafuata, na siku ya pili mgomo ukaenea hadi miji ya jirani. Ulizimwa kwa risasi, watu tisa wakapoteza maisha, na baadaye wengine wakauawa kwa kupigwa risasi. Bado unabaki kuwa mmoja wa migomo michache sana ya umma katika Ulaya iliyokaliwa na Wanazi iliyofanywa kwa ajili ya kuwatetea Wayahudi. Tuzingatie kwamba tramu zilezile zilizosimama Februari 1941 ndizo zilizowabeba watu mwaka 1942. Uvumbuzi wa kukataa ulikuwapo, hofu iliupunguza.

Miisho miwili

Eddy Hamel alikamatwa mwaka 1942, akiwa hana nyota ya njano kwenye nguo yake. Uraia wa Marekani haukumsaidia. Alipelekwa Westerbork, na Januari 1943 akasafirishwa hadi Auschwitz. Mkewe Johanna na mapacha wao, waliokuwa hawajatimiza miaka mitano, waliuawa hukohuko.

Tunajua habari za miezi yake ya mwisho kutokana na ushuhuda wa Leon Greenman, Mwingereza aliyekuwa akiishi Rotterdam, aliyelala naye kwenye kitanda kimoja cha mbao huko Birkenau. Hamel alichaguliwa kwa kazi ngumu, pengine kwa sababu mwili wa mwanamichezo ulikuwa bado na nguvu. Alidumu miezi minne. Siku ya ukaguzi, wafungwa walipopitishwa uchi mbele ya maofisa ili wapangwe wa kuishi na wa kufa, Hamel alikuwa na jipu mdomoni lililouvimbisha uso wake. Alimweleza Greenman wasiwasi wake. Greenman alipita. Hamel hakupita. Aliuawa tarehe 30 Aprili 1943, akiwa na umri wa miaka 40. Greenman alirudi peke yake. Mke na mtoto wake pia walikuwa wameuawa. Aliishi miaka mingi London akisimulia aliyoyaona, na kwa njia hiyo winga wa Ajax hakupotea pamoja na majivu.

Ben Bril alikamatwa pamoja na mkewe na mtoto wao wa kiume. Aliyewakamata alikuwa mtoto wa Sam Olij, yule bondia mwenzake wa mwaka 1928. Familia ya Olij ilikuwa imejiunga na NSB na kuwatumikia wavamizi. Tunapenda kusema michezo hujenga udugu. Hujenga, kwa anayetaka udugu. Kwa asiyetaka, timu moja na bendera moja havitoshi.

Bril alipitishwa katika kambi ya Vught, kisha Westerbork, kisha Bergen-Belsen. Huko Vught aliamriwa amcharaze mijeledi mfungwa kijana aliyejaribu kutoroka. Bingwa mara nane wa taifa, mtu ambaye kazi ya mikono yake ilikuwa kupiga, alikataa kumpiga mtu aliyefungwa. Alijua adhabu inayoweza kumpata. Yeye, mkewe na mtoto wao walinusurika vita, lakini sehemu kubwa ya ndugu zake waliuawa. Baada ya vita hakuuacha mchezo: akawa mwamuzi wa ngumi wa kimataifa, hadi kwenye ulingo wa Olimpiki. Alifariki Amsterdam mwaka 2003 akiwa na miaka 91.

Moto na maji

Mwezi mmoja kabla ya kifo cha Hamel, tarehe 27 Machi 1943, kundi la wapinzani wa Wanazi, wakiwamo wasanii Willem Arondeus na Gerrit van der Veen, waliingia katika jengo la daftari la wakazi la Amsterdam wakiwa wamevaa sare za polisi. Waliwatoa walinzi nje, wakamwaga kadi sakafuni, wakalipua na kuchoma. Walikuwa wamemtambua adui halisi: kabati la mafaili. Kumi na wawili wa kundi hilo walipigwa risasi tarehe 1 Julai 1943, Arondeus akiwa mmoja wao.

Moto haukuteketeza kadi zote. Sehemu ndogo tu iliungua. Lakini wazimamoto wa jiji, ambao baadhi yao waliwaunga mkono wapinzani, walichelewa kuanza kazi, na walipoanza wakamwaga maji mengi kupita mahitaji ya moto ule. Kadi nyingi ambazo moto haukuzifikia ziliharibiwa na maji. Watu hao hawakuvunja kanuni yoyote iliyoandikwa. Waliitwa kuzima moto, wakauzima. Kwa maelekezo ya mwaka 1937 walikuwa wameipima mizani, wakapata jibu tofauti na la Lentz.

Hesabu ya mwisho ni nzito. Wayahudi wapatao 107,000 walisafirishwa kutoka Uholanzi. Waliorudi walikuwa 5,000 hivi. Takriban robo tatu ya Wayahudi wa nchi hiyo waliuawa. Kwa Ubelgiji jirani, kiasi hicho kilikuwa karibu asilimia 40, na kwa Ufaransa karibu asilimia 25. Wanahistoria wanataja sababu nyingi, na haifai kuzifinya ziwe moja: Uholanzi ilitawaliwa na maofisa wa chama cha Wanazi badala ya majenerali wa jeshi, nchi ni tambarare isiyo na misitu ya kujifichia, na mpaka wa nchi isiyohusika na vita ulikuwa mbali. Lakini katika kila orodha limo daftari lililokamilika na utumishi wa umma uliotii.

Katika semina zangu mwanafunzi mmoja huwa hakosi kuuliza: wangefanya nini, na wana watoto wa kulisha? Swali ni la haki, na sipendi kulijibu kwa ushujaa wa mtu aliyekaa salama. Nalijibu kwa kuangalia wakati. Oktoba 1940 fomu ilipokuja, hakuna mtumishi aliyekuwa amepigwa risasi kwa kutoijaza. Gharama ya kukataa ilikuwa kazi, pengine kifungo kama cha Cleveringa. Mwaka 1943 gharama ilikuwa uhai. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nao ukuta wa Amsterdam ulijengwa kwa damu. Kukataa ni rahisi zaidi siku ya fomu kuliko siku ya treni, na siku ya fomu ndiyo siku ambayo hakuna anayeona haja ya kukataa.

Baada ya vita Lentz alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Shirika la reli la Uholanzi lilikubali kulipa fidia kwa manusura na familia zao mwaka 2018. Tarehe 26 Januari 2020, miaka 75 baada ya vita, Waziri Mkuu Mark Rutte aliomba radhi kwa niaba ya serikali, akikiri kwamba watumishi wengi mno walitekeleza walichoagizwa na mvamizi. Radhi hiyo ilipofika, waliostahili kuombwa walikuwa wamebaki wachache.

Kwa hiyo, ndugu mtumishi wa umma unayenisoma, sikuombi uchome ofisi. Naomba ufanye jambo dogo ambalo mamia ya maelfu ya Waholanzi waaminifu hawakulifanya: kila inapokuja karatasi inayowagawa wananchi kwa asili, dini, kabila au maoni yao, uliza itatumika kufanya nini, nani ataihifadhi, na nani anaweza kuirithi baada ya aliyeiagiza kuondoka. Madaftari ya Uholanzi yaliandaliwa na serikali ya kidemokrasia kwa nia njema. Yalirithiwa na Seyss-Inquart. Nanyi wanafunzi, mjadala wetu wa wiki ijayo utahusu mizani ya mwaka 1937: ni nani anapaswa kuipima, na apime lini? Njooni mkiwa mmesoma habari za Cleveringa na za wale wazimamoto.